Droni ikidondoka juu ya Harrier ya watu, nani analipa? Bima kwa wanaorusha

Wengi wakishanunua droni swali la kwanza kuhusu bima ni ikipotea au ikizama baharini narudishiwa nini, na mimi naona hilo lilitakiwa liwe swali la mwisho. Droni ya milioni tano ikizama pale Coco Beach umepoteza milioni tano, inauma lakini hasara yake unaijua na ina mwisho. Ikimdondokea mtoto wa watu kwenye sherehe hapo hujui mwisho ni wapi, kuna hospitali, kuna operesheni, kuna mzazi na wakili wake, na hakuna atakayekwambia mapema itafika shilingi ngapi. Kwahiyo hapa naanza na aliye chini, droni yenyewe tutaifikia baadae.

Ukiwa na gari tayari hii kitu unaijua. Kuna bima ndogo na bima kubwa. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga, wewe na gari lako mtajijua. Bima kubwa inamlipa uliyemgonga na lako pia inalitengeneza. Kwenye droni mgawanyo ni uleule ila unauzwa kwa majina tofauti: kuna dhima (wajibu wa kulipa hasara uliyosababisha) kwa mtu wa tatu, yaani mtu yeyote ambaye si wewe wala kampuni ya bima, halafu kuna bima ya chombo chenyewe, na mara nyingi kamera na vifaa vingine vinaandikwa pembeni kwa bei yake. Vinaweza kuuzwa pamoja au kimoja kimoja. Watu wananunua cha pili wakidhani wamenunua vyote.

Mfano mzuri ni DJI Care Refresh. Jamaa anakwambia kabisa "mimi droni yangu ina bima" ukimuuliza ipi anakuonyesha hiyo. Ule ni mpango wa mtengenezaji wa kukubadilishia droni ikivunjika, unaongeza hela kidogo unapewa nyingine, ni mzuri kwa kazi yake, ila ukivunja kioo cha gari la mtu au ukamkata mtu kidole haukuhusu hata senti. Vilevile usijidanganye na bima ya nyumba au ile ya ofisi ya dhima kwa umma, nyingi zina kipengele kinachotoa nje chochote kinachohusu vyombo vya anga, na droni kisheria ni chombo cha anga hata kama kwako ni kamera yenye mabawa.

Kuna wanaosema lakini hii yangu ndogo, itamfanya mtu nini. Tufanye hesabu. DJI Mavic 3 ina gramu 895. Ikizima ikiwa mita 60 juu, bila kuhesabu upinzani wa hewa, inafika chini na spidi karibu kilomita 120 kwa saa, hewa itaipunguza ndio, lakini bado ni karibu kilo nzima ya plastiki, betri na mota inakuja kichwani. Na hata ndogo kabisa ina uwezo wa kukuingiza kwenye deni la ajabu. Januari 2025 wakati moto wa Palisades unaunguza Los Angeles, jamaa mmoja alirusha droni ya kiraia kutoka kwenye jengo la maegesho Santa Monica akitaka kuona moto, ikaenda zaidi ya mita 2,500, akapoteza kuiona, ikagonga bawa la ndege ya kumwaga maji iliyotoka Quebec kuja kusaidia. Ndege ilitua salama lakini ikakaa chini kwa matengenezo wakati moto unaendelea, na kutengeneza tu ilizidi dola 65,000. Na anga ile ilikuwa imefungwa kwa droni. Bima ya kawaida hapo inakuruka mchana kweupe, kwasababu umerusha mahali palipokatazwa, na hiyo ndo sehemu ambayo wengi hawaielewi mpaka yawakute: bima inafuata sheria, ukiivunja sheria na bima mara nyingi inaondoka nayo.

Dhima inatembeaje

Chukua harusi ya bustanini Mbezi. Bwana harusi kamlipa mwenye studio, mwenye studio ana droni lakini siku hiyo kamtuma kijana wa kukodi aliyemlipa elfu themanini arushe. Droni inapita karibu na nguzo ya hema, propela inagusa kamba, inakwenda moja kwa moja kwenye kioo cha mbele cha Harrier ya mjomba wa bibi harusi. Nani anadaiwa?

Jibu la mtaani ni "aliyeshika rimoti". Kisheria mjomba anaweza kuwafuata wote. Kijana kwa uzembe wake, mwenye studio kwasababu alikuwa anamtumia kwenye kazi yake na chombo ni chake, na hata waandaaji kama wao ndo walilazimisha apite chini ya hema wakati ameshasema haifai. Mjomba na wakili wake wataangalia nani ana hela, sio nani ana makosa zaidi. Kule Uingereza sheria ya usafiri wa anga ya 1982, kifungu cha 76, inamruhusu aliyepata hasara kutoka kwa kitu kilichoanguka angani kudai fidia bila hata kuthibitisha uzembe, mwenye chombo analipa tu. Ujerumani nao mwenye chombo anawajibika hata kama hakukosea. Hapa kwetu usijipe moyo kwamba atashindwa kuthibitisha uzembe, maana video ya harusi yenyewe unayo wewe na wageni mia tatu walikuwa wameshika simu.

Kuna mtego mwingine kwenye mfano huohuo. Tuseme Harrier ina bima kubwa na mjomba ni mtu mpole, anakwambia usijali mwanangu kampuni yangu italipa. Kampuni italipa kweli, halafu inavaa viatu vya mjomba na kukufuata wewe kudai ilichotoa, ni haki yao kisheria, na wao hawana udugu na bibi harusi. Barua ikija miezi minne baadae wengi wanashangaa, walidhani yaliisha siku ileile kwa soda na kupeana mikono.

Kwahiyo kabla hujakubali kazi uliza bima imeandikwa jina la nani. Kama ni ya studio, je marubani wametajwa kwa majina au ni yeyote mwenye sifa fulani? Kijana wa kukodi akiwa hayumo, bima hiyo kwa siku hiyo ni karatasi. Kama wewe ndo kijana wa kukodi omba uone, usikubali "tunayo tunayo". Na wateja wakubwa, kampuni za ujenzi, migodi, mashirika, watakuomba uongeze jina lao kwenye bima yako kama wanaolindwa pia, hilo ni jambo la kawaida, broka, yaani anayekutafutia bima kwenye makampuni, analifanya kwa barua, usiogope. Cha kuogopa ni kifungu kwenye mkataba wa kazi kinachosema utawafidia kwa hasara yoyote ile bila kikomo. Bima yako ina kikomo, hicho kifungu hakina, tofauti inatoka mfukoni kwako. Jadili, waandike mwisho ni kiwango cha bima.

Karatasi kwanza, bima baadae

Hakuna kampuni makini itakayokukatia bima droni isiyojulikana. Tanzania droni inasajiliwa TCAA, yaani mamlaka ya usafiri wa anga, kuna kanuni za 2018 za ndege zinazoongozwa kutoka mbali, na kabla ya hapo Wizara ya Ulinzi nayo inahusika kwenye kibali, usilete droni kwenye begi ukidhani utayamaliza pale uwanja wa ndege. Kwa kazi za kulipwa bima ya mtu wa tatu ni sehemu ya makaratasi yenyewe. Kenya mamlaka yao ni KCAA na kanuni zao za 2020, na huko kikomo cha kawaida ni futi 400 juu na mita 50 kutoka kwa watu, magari au majengo yasiyo chini ya usimamizi wako. Nazitaja hizi namba kwasababu ajali ikitokea ndo kipimo cha kwanza atakachotumia mtu wa bima, ulikuwa juu kiasi gani na mbali kiasi gani. Angalia zako kwenye kibali chako, maana kibali kinaweza kubana zaidi ya kanuni, na unachobanwa ni kile kilichoandikwa kwenye kibali. Hifadhi za wanyamapori ni kesi nyingine kabisa, usirushe Serengeti wala Ngorongoro bila ruhusa ya wenyewe hata kama TCAA umemalizana nao.

Ukienda kwa broka beba serial namba ya droni na ya rimoti, risiti, usajili, vyeti vya marubani, na maelezo ya kazi unazofanya kwa ukweli. Nasisitiza ukweli. Ukiandika "picha za harusi" ili bei ishuke halafu ukaanguka ukiwa unapima shamba la miwa au unakagua mnara wa simu, umewapa sababu ya kukataa na wewe mwenyewe umeisaini. Kunyunyizia dawa mashambani ndo kabisa, dawa ikipeperuka na upepo ikaunguza nyanya za jirani bima nyingi hazilipi, maana vifungu vya kawaida vya bima za anga vinatoa nje kelele na uchafuzi, inabidi ununue nyongeza.

Bei siwezi kukutajia maana inabadilika kwa aina ya kazi, uzoefu na kikomo unachotaka. Nukuu pia inaweza kuchelewa siku kadhaa, makampuni yetu sehemu kubwa ya hatari za anga yanazigawa kwa bima mtawanyo, yaani nayo yanajikatia bima kwa makampuni mengine, kwahiyo usianze kutafuta bima alhamisi kwa kazi ya jumamosi. Halafu hapa kwetu ada inalipwa kwanza ndo ulinzi unaanza, habari ya "nikatie nitakutumia mwisho wa mwezi" haipo. Ukishalipa hakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwamba kweli imeingia, wakala wa uongo hawajaisha mjini.

Namna ya kuisoma hati yenyewe

Hati ikija ina ukurasa wenye majedwali na nyuma yake kurasa za maandishi madogo. Watu wanasoma ukurasa wa mbele tu. Wewe anzia nyuma, kwenye vitu visivyolipwa, maana mbele pamejaa ahadi na nyuma ndo pana masharti.

Mbele angalia kikomo, na angalia ni kwa tukio moja au kwa mwaka mzima. Milioni mia kwa mwaka maana yake ukila themanini Machi, mpaka mwaka uishe umebaki na ishirini. Uliza pia kama gharama za wakili ziko ndani ya kikomo au nje yake, hii watu hawaiulizi na kesi moja ya mtu aliyeumia inaweza kula hela nyingi za wakili kabla hata fidia yenyewe haijaguswa.

Ekses ni ile sehemu unayolipa wewe kwanza. Kwenye droni inaweza kuandikwa kama asilimia ya thamani au kiasi fulani, kipi kikubwa kati ya hivyo viwili, na hilo neno "kipi kikubwa" ndo linamaliza watu. Tuseme ni asilimia kumi au laki tano. Droni ya milioni nne asilimia kumi ni laki nne, wewe utatoa laki tano. Ukivunja gimbo (kishikio kinachotuliza kamera) ya laki sita umelipwa laki moja, bora ungetengeneza mwenyewe ukaacha rekodi yako safi.

Thamani nayo usiipunguze ili ada ishuke. Droni ya milioni sita ukiikatia bima ya milioni tatu, kampuni inaweza kusema nusu nyingine uliibeba wewe, kwahiyo hata uharibifu wa milioni mbili wanakulipa moja. Sio wizi, kipo kwenye hati. Na kwakuwa droni tunanunua kwa dola, iangalie thamani upya kila ukihuisha.

Sasa huko nyuma. Tafuta haya: kurusha kinyume cha sheria au nje ya kibali, kurusha usiku, kurusha nje ya upeo wa macho, rubani asiye na sifa, kurusha juu ya mkusanyiko wa watu, kuchakaa kwa kawaida, vita na utekaji na udukuzi, na droni kupotea bila kupatikana. Hilo la mkusanyiko ukikuta na wewe kazi yako ni harusi na matamasha basi umenunua bima ya kukaa kabatini, rudi kwa broka aliondoe au uongeze hela liondoke. La kupotea nalo lisome taratibu, wengine wanalipa kama una rekodi za safari zinazoonyesha ilipokatikia mawasiliano, wengine wanataka mabaki. Ndani ya maji hakuna mabaki.

Faragha nayo karibu zote hazigusi. Ukimpiga picha jirani yuko uani kwake akakushtaki, hiyo ni yako peke yako, na sasa hivi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na tume yake, sio zamani tena.

Eneo pia. Hati ikisema Tanzania inaishia Namanga. Ukienda Kenya au Rwanda kwa kazi omba nyongeza ya maandishi kabla hujavuka, na vibali vya huko ni vingine. Walioko Ulaya msikopi haya moja kwa moja, Ujerumani bima ya dhima ni lazima hata kwa anayerusha kujifurahisha bustanini, na Uingereza ukishaanza kulipwa ni lazima.

Ikishadondoka

Mtu kwanza. Zima mota, hakikisha hakuna aliyeumia, kama yupo hospitali. Kumpeleka mtu hospitali na kumpa pole sio kukiri kosa, usiache kufanya ubinadamu kwasababu ya bima. Kinachokuumiza ni kuandika kwenye Whatsapp "samahani ni kosa langu nitalipa kila kitu", hati nyingi zinakukataza kukiri au kukubali kulipa bila ruhusa yao na hiyo meseji itasomwa. Sema "nimepokea, nina bima, nitawataarifu leo".

Chomoa betri, ikiwa imevimba au imepinda iweke nje mbali na vitu, isiingie kwenye gari. Piga picha kila kitu kabla hakijasogezwa, ilipoangukia, kamba ya hema, kioo, anga lenyewe kuonyesha hali ya hewa. Chukua namba za mashahidi wawili watatu ambao sio ndugu zako. Nenda polisi upate RB (namba ya taarifa yako), na mtu akiumia apate PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) mapema maana bila hiyo hospitali inaweza kusumbua na baadae madai yanakosa mguu. TCAA nao wataarifiwe, kibali chako kitakuwa kimeeleza namna.

Kadi ya kumbukumbu toa, weka pembeni, usiifute wala kuirekodia tena. Rekodi za safari ziko kwenye aplikesheni ya simu, zitoe siku hiyohiyo uzitunze sehemu mbili, zinaonyesha urefu, spidi, betri ilikuwa asilimia ngapi na onyo gani lilitokea ukalipuuza. Ndio, zinaweza kukuumbua. Lakini ukizifuta ndo umejimaliza kabisa, mkaguzi akikuta pengo hakupi faida ya shaka. Halafu usiirushe tena "kujaribu kama iko poa" na usipeleke kwa fundi mpaka bima waseme, fundi akishafungua wanasema hawawezi kujua nini kilisababisha.

Wataarifu kampuni kwa maandishi ndani ya muda uliopo kwenye hati, siku hiyohiyo ikiwezekana, hata kama unadhani ni kidogo na mjomba amesema yameisha. Kumbuka ile barua ya miezi minne baadae, ukichelewa kutaarifu hapo ndo utakapokataliwa. Taarifa sio lazima iwe madai, unaandika tu "tukio limetokea, sijui kama nitadaiwa".

Wakikataa kulipa waombe wataje kifungu namba gani cha hati, kwa barua, sio simu. Mara nyingi ukiomba kifungu wanarudi na jibu tofauti. Wakishikilia andika malalamiko kwa kampuni yenyewe kwanza, wasipojibu vizuri peleka TIRA au ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ukiambatanisha hati nzima na sio ukurasa wa mbele tu, risiti ya ada, kibali cha siku ya tukio, RB, rekodi za safari na ile barua yao ya kukataa. Ukikosa kibali cha siku ya tukio usiandike kwamba ulikuwa nacho.